Asumini, chameli au mwafu: upande ipi nyumbani kwako?

Miaka minane iliyopita nilinunua miche miwili kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Tanga. Muuzaji alisema yote ni yasmini, nami nikaibeba kwa furaha nikampelekea mama, ambaye tangu mwasumini wake wa zamani ulipong'olewa kupisha ukuta alikuwa hana raha na uwanja wake. Mwaka haukuisha, mche mmoja ukawa umepanda bati na kuuvamia mwembe wa jirani. Wa pili ulikuwa bado unanifika gotini, umekakamaa, ukitoa viua vinono mfano wa waridi dogo, viwili au vitatu kwa wiki. Ikaja harusi ya mdogo wangu. Alasiri mama akatoka uani na sahani, akarudi na viua saba na petali chache zilizosinyaa. "Mwanangu, vinanukia, lakini hizi si asumini za kutunga," akaniambia. Koja la bi harusi tukalinunua sokoni.

Muuzaji hakunidanganya. Yote miwili ilikuwa yasmini halisi. Mimi ndiye niliyenunua jina bila kuuliza ni mmea gani, wala sikusema nautaka kwa kazi gani.

Jenasi ya yasmini, yaani Jasminum, ina spishi zipatazo 200, zote za ukoo mmoja na mzeituni. Nyingi ni mimea itambaayo isiyopukutisha majani. Huku kwetu, pwani kwa bara, mtu akisema "yasmini" huenda anauzungumzia mmea mmoja kati ya mitano au sita tu. Minne nimeipanda kwa mkono wangu, mingine nimeiona kwa shangazi yangu Lushoto, ambako baridi imenifundisha mambo ambayo Tanga isingenifundisha. Nitailinganisha kwa yale anayojiuliza mtu mwenye jembe mkononi: nitachuma nini, saa ngapi, itataka nafasi kiasi gani, na itanisumbua vipi.

Anza na jani

Kitaluni miche mingi haina ua, na hata yenye maua, karibu yote ni meupe. Kwa hiyo tazama jani.

Mwasumini (Jasminum sambac) una jani moja zima, la mviringo, nene kiasi na linalong'aa, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Chameli, jina walilotuachia Wahindi (Jasminum grandiflorum), jani lake limegawanyika vijani vidogo vitano, saba, tisa au zaidi, vimejipanga pande mbili kama unyoya, na kimoja kinamalizia nchani. Mwafu (Jasminum fluminense) una vijani vitatu, cha kati kikubwa kuliko wenzake, na ukipitisha kidole unahisi malaika, yaani vinyweleo laini.

Ukikuta jani zima kama la mwasumini lakini lina vinyweleo, kana kwamba limepakwa vumbi, hiyo ni Jasminum multiflorum. Hutoa nyota nyeupe nyingi za kupendeza, ila harufu yake ni hafifu sana. Wapo watu ambao harufu kali huwaumiza kichwa, na hao ndio nawashauri waichukue. Mwingine yeyote atakuja kujuta kila magharibi.

Ukikwanyua jani likatoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si yasmini kabisa. Ni Trachelospermum jasminoides, mmea mzuri, unaonukia na usiopukutisha majani, lakini ni wa ukoo wa oleanda. Kwa kufunika ukuta unafaa. Kwa kuvaa kichwani, utomvu ule unaonata utakuharibia nguo.

Kuna pia malkia wa usiku (Cestrum nocturnum), ambaye watu wengi wananiapia kuwa ni yasmini. Maua yake ni virija vyembamba vyenye weupe wa kijani, na harufu yake usiku hufika nyumba ya tatu. Ni ndugu wa mnavu na nyanya, na ni wa sumu. Penye watoto wanaotia kila kitu kinywani mimi sipandi, hata nikipewa bure.

Asumini, na kwa nini saa ni kila kitu

Asumini ilitoka Asia ya Kusini, ikasambaa pande zote za Bahari ya Hindi. Wahindi huiita mogra, Yemen ni full, Ufilipino ni sampaguita, na huko imekuwa ua la taifa tangu 1934. China huitandaza pamoja na majani ya chai ili chai inywe harufu usiku kucha. Safari zote hizo zinategemea tabia moja ya ua hili: unalichuma likiwa bado tumba, halafu linachanua mbali na mti wake.

Hii ndiyo sababu mama alikuwa na haki. Asumini huchumwa alasiri, vitumba vikiwa vimejaa, vyeupe pepe, vimefumba. Unavitunga kwa sindano na uzi, sindano ikipita kwenye kile kishingo chembamba, au unavichanganya na rehani kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha kuvaa. Kufika magharibi, bi harusi akiwa amekwisha kutoka chumbani, vitumba vinafunguka vyenyewe kifuani pake na kwenye nywele. Hakuna manukato ya chupa yanayoweza kumfanyia mtu hivyo. Asubuhi yake petali zimeshageuka rangi, zina wekundu wa zambarau, na shughuli imekwisha.

Mmea wenyewe ni wa tabia ya kati. Ukiuacha huru unajilaza juu ya chochote kilicho karibu na kufikia mita mbili au tatu, lakini hauna mikono ya kushikia wala mizizi ya kung'ang'ania ukuta, kwa hiyo utaufunga wewe kwenye waya. Ukipenda kuwa kichaka, upogoe. Unakubali ndoo au chungu chenye upana wa sentimita 40, na hilo ni jambo kubwa kwa anayeishi ghorofani au kwenye nyumba ya kupanga.

Sasa, asumini zenyewe si moja. Ipo yenye duara moja la petali, ambayo kwa Kiingereza huuzwa kama 'Maid of Orleans'. Ipo yenye petali nyingi kiasi, ndefu, 'Belle of India'. Na ipo ile iliyojaa kama waridi dogo, 'Grand Duke of Tuscany'. Hii ya mwisho ndiyo ule mche wangu mfupi ulionuna. Utaijua kwa mashina yake magumu yaliyosimama, na mara nyingi majani yake hutoka matatu matatu kwenye kifundo kimoja badala ya mawili. Inakua polepole, haitaki kutambaa, na maua yake yakizeeka hayaanguki. Yanabaki mtini yamekauka rangi ya kahawia mpaka uyaondoe kwa mkono. Ua moja moja ni tajiri wa harufu kupita zote, hilo sibishi. Ukiliweka kwenye kisahani cha maji kando ya kitanda, chumba kizima kinakuwa chake. Lakini mti mmoja haukutoshi hata kwa kikuba.

Kwa mtu anayetaka kutunga, nasema bila kusita: chukua ile ya duara moja la petali. Ukipata nafasi ya mti wa pili, ongeza 'Belle of India'. Ile ya waridi iache iwe ya tatu, kwenye chungu, karibu na mlango.

Chameli: ukuta wote kwa miaka miwili

Mche wangu ulioparamia bati ulikuwa chameli. Kitumba chake kina haya ya waridi kwa nje, na likifunguka ni ua jeupe lenye petali tano, jembamba na laini kuliko asumini. Ni hili lililoupa mji wa Grasse, Ufaransa, jina lake katika manukato. Hufunguka usiku na huchumwa alfajiri, kabla jua halijaichoma harufu. Zamani watengenezaji waliyatandaza maua mabichi juu ya mafuta ya mnyama yaliyosafishwa, kwa kuwa chameli huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, na mafuta yakawa yanaivuta taratibu. Misri nayo hulima sana ua hili kwa ajili ya mafuta.

Wengi hudhani ni mgeni huku kwetu. Lakini ipo jamii yake ya asili inayoota yenyewe upande huu wa Afrika, kutoka Eritrea na Ethiopia kushuka hadi Kenya.

Weka chameli kando ya asumini utaona tofauti ya saa. Asumini inamngoja mtu anayetoka jioni. Chameli ni ya anayeamka alfajiri, kwani likichumwa asubuhi, kufika alasiri limelegea. Kwa harusi ya usiku halikufai, na ndiyo maana sahani ya mama ilirudi na petali zilizosinyaa. Kwa dirisha la chumba cha kulala, hata hivyo, sioni mshindani. Ukilala dirisha wazi, harufu yake huingia kwa mawimbi, haikai puani kwa uzito kama ya asumini.

Bei ya chameli ni mkasi. Kila mwaka nakata theluthi yake, na bado inanishinda. Usiipande karibu na bati, mfereji wa paa wala waya za umeme. Ipe fremu yake imara ya mbao au ya bomba, urefu wa mita tatu hivi, na uielekeze ikiwa changa. Ikishazeeka shina linakuwa gumu, na kuisokota upya ni kuivunja.

Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chameli ya shangazi inachanua vizuri kuliko yangu ya Tanga, na ile asumini niliyompelekea inakaa imekunja mikono miezi yote ya baridi. Ikinyauka kipupwe, hufufuka joto likirudi. Kwa mtu wa Lushoto, Njombe, Limuru au Arusha ya juu, mpangilio wangu ungegeuka: chameli kwanza, asumini kwenye chungu kinachoweza kuhamishiwa ukutani panapopiga jua.

Shangazi ana pia Jasminum polyanthum ya kutoka kusini magharibi mwa China. Inataka usiku wa baridi ndipo ifunge vitumba, kisha inachanua yote kwa pamoja, waridi kwa nje na nyeupe kwa ndani, mpaka majani hayaonekani. Nilileta kipandikizi chake Tanga. Kimekuwa mti mzuri wa majani, ua sijaliona.

Mwafu, wa nyumbani aliyesahauliwa

Mwafu ndio yasmini yetu wenyewe. Unaota vichakani pwani, unapanda juu ya miti mingine, na maua yake, maafu, ni vinyota vyeupe vyenye harufu tamu inayokaribia ya asumini, ila nyepesi. Baada ya ua hufuata vitunda vyeusi vinavyopendwa na ndege.

Jina lake la kisayansi limebeba kosa la kale. Fluminense maana yake ni "wa Rio de Janeiro", kwa sababu mtaalamu aliyeupa jina hilo aliukuta Brazili. Kumbe ulikuwa umevushwa bahari kutoka Afrika. Huko ng'ambo ndege waliendelea na kazi yao ya kubeba mbegu, na leo Florida, Marekani, mwafu unahesabiwa kuwa mmea mvamizi unaofunika misitu. Kwa hiyo msomaji aliyeko nje ya Afrika, na hasa kwenye visiwa na nchi za joto, namsihi asiupande. Aliyeko Tanga, Kilifi, Lindi au Unguja, huo ni wa kwao, na ndege wa hapa wanaujua.

Kwenye ulinganisho mwafu unashinda katika jambo moja zito: maji. Mwasumini ukiunyima maji majuma matatu wakati wa kaskazi unaanza kudondosha vitumba. Mwafu kwenye uzio wangu wa nyuma haujawahi kumwagiwa ndoo tangu ushike. Kwa nyumba ya shamba, uzio wa waya, au kiwanja ambacho mwenyewe huja mara moja kwa mwezi, sipendekezi kingine. Kwa kutunga, maua yake ni madogo na yanachosha vidole.

Udongo na maji ya pwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa miti mingi ya asumini hufa kwa mambo haya mawili huku wenyewe wakisema ni hasadi.

La kwanza ni udongo wa matumbawe. Una chokaa nyingi, na mwasumini ulio kwenye chokaa hushindwa kufyonza chuma hata kama kimo udongoni. Majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Ukiona hivyo usikimbilie mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni. Mboji na samadi iliyooza vizuri, ndoo nzima kuzunguka shina mwanzoni mwa kila mvua, ndiyo imeniokolea miti yangu. Kama kiwanja ni mwamba mtupu, panda kwenye chungu chenye udongo ulioletwa.

La pili ni maji ya kisima yenye chumvi. Dalili yake ni kingo za majani kuungua, kahawia kuanzia nchani. Mwasumini na chameli vyote vinaumia. Kwenye chungu hali ni mbaya zaidi, kwani chumvi inajikusanya, kwa hiyo mvua ikinyesha natoa vyungu nje vioshwe hadi chini. Ndivyo nifanyavyo tangu nilipopoteza ule mti wangu wa kwanza wa 'Belle of India'.

Wadudu si wengi. Vidukari na inzi weupe huacha utandu wa sukari juu ya majani, kisha ukungu mweusi unaota juu yake. Maji ya sabuni, jioni, chini ya majani, mara mbili au tatu kwa wiki mbili. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukame, hasa kwa mwasumini ulio barazani penye joto. Huchukia kunyunyiziwa maji. Chameli husumbuliwa kidogo kuliko mwasumini, na mwafu sijawahi kuutibu.

Jua wanalitaka wote. Mwasumini usiopata jua saa tano au sita kwa siku utakupa majani mazuri na maua ya kuhesabu.

Na kuhusu nyoka, jambo ninaloulizwa kila mara: sijaona yasmini iliyoita nyoka kwa harufu. Nilichoona ni chameli iliyoachwa mpaka ikawa zulia chini, panya na vyura wakahamia, na nyoka akaja kwa chakula chake. Safisha sentimita 50 za chini ya shina, pawe peupe, na uone mchana kweupe kilichoko.

Basi nani apande nini

Mwenye binti wa kuoza, au anayependa kikuba siku ya Idi, apande miasumini mitatu ya duara moja la petali. Mmoja hautoshi, nimehesabu. Aipogoe kwa zamu, wiki mbili mbili, kwa sababu maua huja kwenye matawi mapya. Kwangu huchukua kama wiki sita tangu mkasi hadi vitumba. Ukijua tarehe ya harusi, unaweza kuhesabu kurudi nyuma.

Mwenye ukuta mrefu usiopendeza, na nguvu za kushika mkasi, ni chameli. Asiye na nguvu hizo asijaribu, atafute mwasumini na waya.

Anayeishi ghorofani achague kati ya asumini za aina mbili: kama baraza inapata jua la asubuhi mpaka mchana, ile ya duara moja; kama nafasi ni ya chungu kimoja tu na anachotaka ni ua moja la kunusa, ile ya waridi. Chameli kwenye chungu ni kuitesa.

Mwenye shamba au uzio mrefu pwani, mwafu. Nyanda za juu, chameli, na Jasminum polyanthum kwa anayeipata.

Ukishachagua, usinunue kabla hujapita kwa majirani. Asumini ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo karibu kila mwasumini uuonao ni kipande cha mwingine, na mti wa jirani unaochanua vizuri kwenye udongo wenu ndio uliokwisha kufaulu mtihani. Omba tawi refu la chini lilazwe. Mwanzo wa masika liinamishe mpaka chini, likwangue ganda kidogo mahali linapogusa ardhi, lifukie, liwekee jiwe juu, nchani libaki nje. Vipandikizi vya sentimita 15 navyo huota, lakini kwangu karibu nusu huoza, na tawi la kulaza halijawahi kunitupa. Vuli ikikaribia utalikuta na mizizi yake. Likate kwa mama yake na ulihamishe na udongo wake. Mwasumini mpya wa mama tuliutoa hivyo kwa jirani wa mtaa wa pili, ukapandwa pale pale ulipong'olewa ule wa mwanzo, upande wa ndani wa ukuta.